Kanisa la Bom Jesus huko Goa: dhahabu yake, ukuta wake mwekundu na mwili unaosemwa hauozi

Oktoba 2024 jimbo la Goa, magharibi mwa India, lilichafuka kwa ajili ya mtu aliyefariki mwaka 1552. Aliyewahi kuwa kiongozi wa jumuiya ya wazalendo wa Kihindu alitaka masalia ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri yapimwe vinasaba, ijulikane kama kweli ni yeye. Wakatoliki waliingia barabarani, polisi wakafungua kesi. Haujapita muda, tarehe 21 Novemba, masalia hayohayo yakatolewa hadharani kama inavyofanyika kila baada ya miaka kumi, na hadi tarehe 5 Januari 2025 mahujaji walikuwa bado wanapanga foleni.

Huku kwetu habari hizi zilifika kama kawaida yake, kwa klipu fupi na maelezo ya kukata na shoka. Kanisa la dhahabu tupu. Mwili wa miaka zaidi ya 470 ambao haujaoza. Kanisa kuu la Wareno. Baroko safi kutoka Ulaya. Kila moja ya kauli hizi ina punje ya ukweli ndani yake, na kila moja imepinda mahali fulani. Na kwa kuwa watu wetu wengi huenda India kwa matibabu, masomo au biashara, na baadhi yao hupitia Goa kabla ya kurudi, si vibaya mtu akajua anachokitazama kabla hajaanza kupiga picha.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Jengo lenyewe ni Basilika ya Bom Jesus, yaani Yesu Mwema, na linasimama Goa ya Kale, kama kilomita 10 mashariki mwa Panaji, makao makuu ya jimbo. Basilika ni hadhi ambayo Papa hulipa kanisa fulani kwa sababu ya historia yake au ibada inayofanyika pale. Bom Jesus ilipewa mwaka 1946. Kanisa kuu ni jambo jingine: ni kanisa lenye kiti cha askofu. Kanisa linaweza kuwa vyote viwili, kama lile la Familia Takatifu jijini Nairobi, au likawa basilika bila kuwa na kiti cha askofu. Bom Jesus ni la namna hiyo ya pili. Kanisa kuu la Goa liko ng'ambo ya barabara, linaitwa Sé, ni kubwa kuliko jirani yake, limepakwa chokaa nyeupe, na lina mnara mmoja tu kwa sababu mwenzake ulianguka mwaka 1776. Mgeni akishuka kwenye basi huona kanisa jeupe na kanisa jekundu yakitazamana, na ni kawaida kabisa kuyachanganya.

Baroko ni nini

Baroko ni mtindo wa sanaa na ujenzi ulioanzia Roma mwishoni mwa karne ya 16 na kutamba katika nchi za Kikatoliki kwa zaidi ya miaka 150. Ulizaliwa katikati ya ugomvi. Waprotestanti walikuwa wamezikataa sanamu, masalia na mapambo ya makanisani. Kanisa Katoliki lilikaa katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika kwa vipindi kati ya 1545 na 1563, likaamua kinyume: picha takatifu zibaki, na zifundishe. Wasanii wakapewa kazi ya kumshika mtu asiyejua kusoma mara tu anapovuka mlango. Ndiyo maana baroko haitulii. Nguzo zinajisokota, mavazi ya sanamu yanapepea ingawa hakuna upepo, malaika wameinua mguu kama wanaotaka kuruka, na kila mstari wa jengo unakusukuma kwenda mbele, kwenye altare.

Wajesuiti, shirika lililoanzishwa na Ignasi wa Loyola na wenzake, mmoja wao akiwa huyu Fransisko Ksaveri, waliushika mtindo huo haraka kuliko wengine. Kanisa lao mama jijini Roma, Il Gesù, lilianza kujengwa mwaka 1568, na ramani yake ikawa mfano kwa makanisa yao duniani: ukumbi mmoja mpana usiokatwa na safu za nguzo, ili kila mtu amwone padre na kumsikia mhubiri. Bom Jesus ni mtoto wa wazo hilo. Ujenzi wake ulianza Novemba 1594, likawekwa wakfu Mei 1605 na Askofu Mkuu Aleixo de Menezes.

Sasa, simama nje utazame uso wa jengo. Chini kuna milango mitatu. Juu yake madirisha matatu ya mraba, juu yake tena madirisha matatu ya mviringo, kisha kipeo chenye herufi IHS, alama ya jina la Yesu ambayo Wajesuiti huitumia kama muhuri wao. Nguzo bapa zimepandishwa kwa mpangilio wa kitabuni, ngazi kwa ngazi, kwa mitindo ya Kigiriki na Kirumi. Hakuna kinachojisokota wala kinachopepea. Kwa kweli uso huu una utulivu wa mtindo uliotangulia baroko, ule wa Mwamko wa Ulaya. Wanaoandika kwamba hii ni baroko safi nadhani hawakusimama hapo nje muda mrefu.

Baroko iko ndani. Ukipita chini ya roshani ya kwaya, kuta ni nyeupe na za kawaida, karibu kavu, halafu macho yanagonga ukuta wa dhahabu uliojaza upande wote wa mbele kutoka sakafuni hadi darini. Katikati amesimama Ignasi wa Loyola, sanamu ya kimo cha mita tatu hivi, mikono imefunguliwa, uso umeinuliwa kwenye jua la dhahabu lenye zile herufi IHS. Juu kabisa kuna Utatu Mtakatifu. Na chini ya miguu ya Ignasi, ukiwa mwangalifu, utamwona mtoto mdogo: Yesu mwenyewe, mwenye kanisa. Wageni wengi hutoka bila kumwona. Shirika lilijenga kanisa kwa jina la Mtoto Yesu, kisha likamweka mwanzilishi wake akiwa mkubwa mara nyingi kuliko yeye. Wakati wa ujenzi Ignasi alikuwa hajatangazwa hata kuwa mtakatifu. Yeye na Ksaveri walitangazwa siku moja, 12 Machi 1622. Ukitaka kujua Wajesuiti walivyojithamini karne ile, altare hiyo inakwambia zaidi ya kitabu.

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza mbona huku kwetu hatuna makanisa ya namna hii, na Wareno walikaa kwetu zaidi ya miaka mia. Jibu liko kwenye tarehe. Walichojenga Mombasa na Unguja kilikwenda na vita vyao na Waomani. Ndani ya Ngome ya Yesu na ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja kumebaki misingi ya makanisa tu. Makanisa makubwa tunayoyajua, kama Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam au Minara Miwili ya Unguja, yalijengwa na wamisionari wengine mwishoni mwa karne ya 19, baroko ikiwa imeshapitwa na wakati. Lile la Dar lina matao yaliyochongoka juu, mtindo wa Kigothiki, ambao Wajerumani walikuwa wameurudia kwa mapenzi makubwa.

Dhahabu ni kiasi gani

Dhahabu iliyomo ni ya kweli. Lakini altare si ya dhahabu. Ni ya mbao.

Kazi ilikwenda hivi. Seremala alichonga mbao: majani, mizabibu, malaika, nguzo. Juu ya mbao zikapakwa tabaka kadhaa za chokaa laini iliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, ikakwanguliwa mpaka ikawa nyororo. Kisha ukapakwa udongo mwekundu uliosagwa, na juu ya udongo huo, ukiwa na unyevu, yakabandikwa majani ya dhahabu yaliyopondwapondwa hadi kuwa membamba kiasi kwamba pumzi ya mtu huyapeperusha. Mwisho fundi aliisugua kwa jiwe gumu lililolainishwa mpaka ikang'aa. Ule wekundu unaouona mahali dhahabu ilipochubuka ni udongo wa chini, si kutu. Dhahabu inayotosha mkufu mmoja mzito inaweza kufunika eneo la kushangaza.

Na mafundi walikuwa nani? Kwa sehemu kubwa walikuwa wenyeji wa Goa, wachongaji na wafua fedha ambao babu zao walikuwa wakipamba mahekalu ya Kihindu. Mikono yao inaonekana. Kwenye mimbari na madhabahu za makanisa ya Goa utakuta majani na maua ya India, na viumbe wa nusu mtu nusu joka la majini ambao hawatoki Lisbon. Hata madirisha ya zamani hayakuwa ya kioo: walitumia magamba bapa ya chaza, yanayopitisha mwanga mweupe uliopoa. Kuliita jengo hili la Kireno ni nusu ya habari.

Ukuta mwekundu

Ukiuliza watu kumi wanaipendea nini Bom Jesus, wengi watataja ule wekundu wa kuta za nje. Unapendeza kwenye picha, hasa jioni. Basi waliolijenga hawakukusudia uonekane.

Jiwe hilo linaitwa lateraiti. Huchimbwa palepale Goa, likiwa laini kiasi cha kukatwa kwa shoka, kisha hukauka hewani na kuwa gumu. Tatizo lake ni vitundu. Goa hunyesha takriban milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Juni na Septemba, na maji yakiingia kwenye vitundu hivyo huosha udongo uliomo mpaka jiwe linabaki kama sega la nyuki. Kwa hiyo wajenzi walifunika kuta kwa plasta ya chokaa, na kwenye pembe na nakshi, mahali pasipofunikika vizuri, wakatumia jiwe jeusi gumu la volkano lililoletwa kwa meli kutoka kaskazini. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba ya mawe ya matumbawe iliyochubuka lipu mvua huanza kuila palepale, na mwenye nyumba anayeahirisha kupiga chokaa mwaka huu atajenga ukuta mwaka kesho.

Bom Jesus ilikuwa na lipu yake hadi miaka ya 1950. Wakati huo utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno, ulitaka kuonyesha kwamba Goa ni Ureno ya tangu zamani, na msanifu wa Kireno aliyeitwa Baltazar Castro aliagiza lipu ibanduliwe ili jengo lionekane la kale. Likaonekana la kale kweli, na limekuwa likizeeka kwa kasi tangu hapo. Mwaka 2020 padre msimamizi wa kanisa alipaza sauti hadharani kwamba jiwe linaliwa na mvua, na kwamba Idara ya Mambo ya Kale ya India, inayolisimamia jengo, irudishe lipu. Wako wanaopinga: vizazi kadhaa vimelijua kanisa likiwa jekundu, kadi za posta ni nyekundu, na orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, iliyoyaingiza makanisa ya Goa mwaka 1986, ililikuta hivyohivyo. Ninawaelewa. Lakini mimi niko upande wa chokaa. Wekundu huu una miaka kama 70 tu, ni mapenzi ya serikali moja iliyokuwa inajitafutia hoja, na bei yake inalipwa na jiwe.

Mwili

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa hiyo twende taratibu.

Fransisko Ksaveri alizaliwa mwaka 1506 Navarre, kaskazini mwa Hispania ya leo. Aliondoka Lisbon Aprili 1541, akakaa miezi kadhaa Kisiwa cha Msumbiji akisubiri upepo, akapita Malindi, akafika Goa tarehe 6 Mei 1542. Alihubiri kusini mwa India, Malacca, visiwa vya Maluku na Japani. Alifariki Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya China, akisubiri chombo cha kumvusha bara.

Walimzika ufukweni na kumwagia chokaa juu na chini, ili nyama iishe haraka na mifupa ibebeke. Miezi miwili na nusu hivi baadaye wakafukua, wakakuta mwili mzima. Wakaupeleka Malacca, wakauzika tena, wakaufukua tena, na mwezi Machi 1554 ukapokewa Goa kwa shangwe. Waliokuwepo waliona muujiza, na kwa imani yao hilo ni lao. Ila jambo moja la kawaida linafaa kujulikana: chokaa haifanyi kile ambacho watu walidhani na bado wanadhani. Majaribio ya kisayansi ya kuzika mizoga ya nguruwe ndani ya chokaa yameonyesha kwamba badala ya kuharakisha uozo, huuchelewesha, kwa kuwa hukausha na kuwazuia wadudu na vijidudu. Hili halimalizi mjadala kuhusu muujiza. Linaondoa hoja moja tu, ile isemayo kwamba chokaa ilipaswa kummaliza.

Je, mwili haujaoza hadi leo? Maaskofu wa Goa wenyewe hawasemi hivyo. Jina rasmi la tukio la mwaka 2024 lilikuwa maonyesho ya masalia matakatifu, na kilichomo kwenye sanduku la kioo ni masalia yaliyokauka, ngozi iliyoshikana na mfupa, yamevikwa mavazi ya ibada. Wala si kamili. Mwaka 1614 mkono wa kulia ulikatwa kwa agizo la mkuu wa Wajesuiti, kipande cha kuanzia kiwikoni kikapelekwa Roma, ambako kinahifadhiwa Il Gesù hadi leo. Mfupa mwingine wa mkono uko Macau. Kuna na masimulizi ya mwanamke Mreno aliyeinama kubusu miguu akaondoka na kidole. Mkono wa Roma bado ni msafiri kama mwenyewe: mwaka 2018 ulizungushwa Canada, na ndani ya ndege ulikatiwa kiti chake.

Shaka kwamba huenda si yeye nayo si ya juzi. Wajesuiti walifukuzwa katika himaya yote ya Ureno mwaka 1759, na uvumi ukaenea Goa kwamba wameondoka na mwili na kuacha wa mtu mwingine. Ndiyo sababu mwaka 1782 sanduku lilifunguliwa watu wajionee, na hapo ndipo maonyesho haya ya hadhara yalipoanzia. Yaani desturi inayovuta mahujaji leo ilianza kama jibu kwa uvumi. Dai jipya, kwamba huyo ni mtawa wa Kibudha kutoka Sri Lanka, limevaa nguo mpya juu ya mwili uleule wa uvumi.

Na vipimo vya vinasaba vingesaidia? Mtu wa kwanza kuulizwa awe ni jirani. Hatua chache kutoka Bom Jesus, kwenye magofu ya monasteri ya Waagustino, wachimbaji walipata mfupa wa mkono uliodhaniwa kuwa wa Malkia Ketevan wa Georgia, aliyeuawa Shiraz mwaka 1624 kwa kukataa kuiacha imani yake. Maabara ya India ilipima na kukuta vinasaba vya upande wa mama ambavyo havikuonekana kwa maelfu ya Wahindi waliolinganishwa navyo, lakini vikaonekana Georgia. Pamoja na maandishi ya Waagustino kuhusu mahali walipouweka mfupa, hoja ikakamilika, na mwaka 2021 India iliikabidhi Georgia masalia hayo. Angalia kilichofanya kazi: kipimo peke yake hakikusema jina la mtu. Kilisema mtu huyu hatoki hapa, na nyaraka zikamaliza. Kwa Ksaveri njia hiyo ipo pia, lakini wenye mamlaka ya kuruhusu ni Kanisa, na aliyevidai vipimo hakuvidai kwa ajili ya sayansi.

Siku za kawaida, kwa taarifa yako, hutauona mwili. Sanduku la fedha, kazi ya wafua fedha wa Goa ya miaka ya 1630, limewekwa juu kabisa ya kaburi la marumaru upande wa kulia wa altare. Marumaru hiyo ilitoka Florence, zawadi ya Mtawala Cosimo III wa ukoo wa Medici, imechongwa na Giovanni Battista Foggini na kuunganishwa Goa mwaka 1698. Usishangae sana juu. Chini, kwenye usawa wa macho, kuna mabamba ya shaba yenye matukio ya maisha yake, na ndiyo kazi bora zaidi ya sanaa iliyomo humo ndani.

Ukoloni, na sisi

Mwaka huohuo wa 1698, mwezi Desemba, Ngome ya Yesu ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696. Wakati mafundi wakipandisha marumaru Goa, watu waliokuwa chini ya serikali ileile walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi Mombasa. Maana Goa haikuwa mji wa mbali kwetu. Ilikuwa makao makuu. Afonso de Albuquerque aliuteka mji huo mwaka 1510, na kutoka hapo gavana wa Kireno alitawala vituo vyote kutoka Sofala hadi Macau, pwani yetu ikiwemo. Msanifu wa Ngome ya Yesu, Mwitalia Giovanni Battista Cairati, alifariki Goa mwaka 1596, ngome ikiwa imeanza mwaka 1593, mwaka mmoja kabla ya Bom Jesus.

Ksaveri mwenyewe aliandika barua kuhusu kupita kwake Malindi: walimzika abiria aliyefia chomboni, na mzee mmoja Mwislamu akamlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya mji ni mitatu tu iliyokuwa ikisaliwa. Kikanisa kidogo cha makuti kilichopo Malindi hadi leo kinahusishwa na safari hiyo.

Anayekwambia kwamba kanisa hili ni la upendo tu, au ni la unyama tu, anakufichia nusu. Kuanzia miaka ya 1540 mahekalu ya Kihindu ndani ya eneo la Wareno yalibomolewa. Mwaka 1546 Ksaveri alimwandikia mfalme wa Ureno akiomba Inkwizisheni, mahakama ya kuwasaka wazushi, iletwe Goa. Ilifika mwaka 1560, yeye akiwa ameshakufa, ikafanya kazi hadi 1812 na mapumziko mafupi katikati, ikiwaandama hasa wenyeji waliobatizwa kisha wakashukiwa kuendelea na mila zao. Wakati huohuo Wagoa wengi leo, wakiwemo Wahindu, humheshimu Ksaveri kama babu wa nchi na humwita kwa jina lake la Kigoa, Goencho Saib, yaani Bwana wa Goa. Mambo haya mawili hayafutani.

Pale kwenye magofu ya Waagustino palilelewa mtoto mmoja wa kwetu. Yusuf bin Hasan, mwana wa Sultani wa Mombasa, alichukuliwa Goa baada ya baba yake kuuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Wakambatiza Jerónimo, wakamsomesha, wakamwoza. Alikuwa kijana wa mji huo Ksaveri alipotangazwa mtakatifu na mwili wake ulipohamishiwa Bom Jesus mwaka 1624. Walimtawaza na kumrudisha Mombasa wakidhani wamepata mfalme wao. Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye Uislamu wake. Mji ulimfundisha mengi, ila si yale uliyoyakusudia.

Goa ya Kale yenyewe iliuawa na maradhi, malaria na kipindupindu. Watawala wakahamia Panaji, mashirika ya kitawa yakafutwa miaka ya 1830, nyumba zikageuka msitu, makanisa yakabaki. Wareno waliondolewa na jeshi la India Desemba 1961. Mmoja wa waliowapinga alikuwa mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Goa, Pio Gama Pinto, kabla hajajitosa kwenye siasa za uhuru wa Kenya.

Ukienda

Bom Jesus ni kanisa la ibada, si makumbusho. Hakuna kiingilio, na asiye Mkristo anaruhusiwa kuingia. Funika mabega na magoti. Khanga moja begani inamaliza kazi. Misa ikiendelea, kaa nyuma au subiri nje, usizunguke na simu. Kuna vibao vya kukataza kujipiga picha mbele ya altare, na walinzi hawana mzaha.

Nenda asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii kutoka fukwe. Tazama uso wa nje kwanza, kisha uingie, kisha uvuke barabara uione Sé, ili macho yalinganishe nyeupe na nyekundu siku hiyohiyo. Mnara wa Waagustino, uliobaki nusu tu, uko juu ya kilima upande wa magharibi, mwendo mfupi kwa miguu. Vaa viatu vya kufunga, mawe yanateleza. Juni hadi Septemba mvua itakutesa. Kuanzia 24 Novemba hadi sikukuu ya Ksaveri tarehe 3 Desemba watu hufurika kwa novena, yaani sala za siku tisa, kwa hiyo nenda wakati huo kama unataka ibada na Goa yenyewe, si kama unataka kutazama nakshi kwa utulivu. Kwa mzunguko wa miaka kumi, masalia yatatarajiwa kushushwa tena mwishoni mwa 2034.